Walinzi wa Nyumba ya Mwili
Mambo tunayoweza kujifunza kwa waganga wa China



Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, nani asiyesikia kikohozi katika nyumba za jirani? Watoto hutoka makamasi, wazee hulalamikia kifua, na mama humgusa mwanawe paji la uso, akaona lina moto. Hapo ndipo watu huanza kutafuta dawa ya kuutia mwili nguvu. Na katika masoko ya miji yetu wauzaji hawakosekani. Huyu ana mizizi, yule ana mafuta, na mwingine ana vikopo vyenye maandishi ya Kichina, naye aapa kwamba kikopo kimoja chatosha kufukuza magonjwa yote, tangu mafua hata kisukari.

Je, tumsadiki? Au tumcheke? Hatutafanya lile wala hili. Wachina ni taifa kubwa na la kale, nao wametafakari juu ya afya kwa miaka elfu mbili na zaidi. Si haki kuwadharau, wala si busara kumeza kila kitu kinachouzwa kwa jina lao. Afadhali tuulize: Wazee wa China walifundisha nini juu ya kuulinda mwili? Na katika mafundisho hayo, ni yapi yaliyopimwa yakaonekana kuwa ya kweli?

Kabla mvua haijanyesha

Kitabu kikuu cha uganga wa Wachina chaitwa Huangdi Neijing. Kilikusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, nacho kimeandikwa kwa namna ya mazungumzo kati ya mfalme wa kale na mganga wake. Fundisho lake kubwa ni hili, kwamba mganga hodari si yule anayemponya mgonjwa tu, bali ni yule anayemwangalia mtu mzima ili asipate kuugua. Sisi nasi twalijua jambo hilo. Mwenye akili huezeka nyumba yake wakati wa jua. Hangojei maji yamdondokee kitandani.

Waganga hao walisema kwamba ndani ya mwili mna nguvu ya uhai waiitayo qi, nasi twaweza kulitamka neno hilo «chi». Sehemu moja ya nguvu hiyo, yaani wei qi, kazi yake ni ulinzi. Hutembea chini ya ngozi mfano wa askari wa zamu, ikizuia baridi, upepo na maovu mengine ya nje. Mtu asipolala vema, akila ovyo, akiweka hasira au huzuni moyoni siku nyingi, walinzi wake huchoka, na adui hupata mlango wa kuingilia.

Kweli, hakuna mtaalamu aliyeiona qi kwa hadubini wala kuipima kwa mizani. Ilikuwa njia ya watu wa kale ya kueleza yale waliyoyaona kwa macho yao. Lakini walinzi wenyewe wapo! Elimu ya leo yawaita chembe nyeupe za damu. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na kazi zao ni mbalimbali. Wengine humeza vijidudu, wengine hutengeneza silaha inayomnasa adui mmoja tu, na wengine humkumbuka adui huyo miaka mingi, ili akirudi wamtambue mara moja. Ukiwa na kidonda mguuni ukaona mtoki umevimba kwenye kinena, fahamu kwamba hapo ni penye kambi ya askari hao, nao wako vitani.

Tafadhali, msomaji, ulishike hilo la kukumbuka. Ndilo lililowapa Wachina ushindi wao mkubwa.

Mfalme aliyepona ndui

Mwaka 1661 mfalme wa China, kijana wa miaka 22, alifariki kwa ugonjwa wa ndui. Watoto wake walikuwa wadogo. Ni nani atakayekalia kiti cha baba yake? Mwana aliyechaguliwa alikuwa bado hajatimiza miaka saba, na uso wake ulikuwa na makovu, kwa maana alikuwa amekwisha ugua ndui akapona. Makovu hayo yalikuwa sifa yake, kwa kuwa watu wa ikulu walijua kwamba aliyeugua ndui mara moja haimpati tena. Yasimuliwa kwamba hata Padri Adam Schall, Mjesuiti Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa nyota katika ikulu hiyo, alitoa shauri hilohilo. Mtoto huyo ndiye mfalme Kangxi, aliyetawala miaka 61, hata kufa kwake mwaka 1722.

Kangxi hakuisahau ndui. Zamani zile waganga wa China walikuwa na desturi ya kuchukua magamba ya vidonda vya mtu aliyeugua ndui nyepesi, kuyasaga yawe unga, kisha kuupuliza unga huo kwa kijineli ndani ya pua ya mtoto mzima. Mtoto alipata homa na vipele vichache. Alipopona, alikuwa salama maisha yake yote. Kangxi aliamuru wanawe wafanyiwe hivyo. Mwaka 1726 Padri François Xavier d'Entrecolles, mmisionari Mjesuiti katika mji wa Beijing, aliandika barua kwenda Ulaya akiieleza kazi hiyo hatua kwa hatua.

Njia hiyo haikukosa hatari. Wengine walikufa kwayo, na wengine waliwaambukiza jirani zao. Lakini wazo lake lilikuwa la kweli: uwaonyeshe walinzi sura ya adui angali dhaifu, nao watamjua atakapokuja kwa nguvu. Desturi ya namna hiyo ilijulikana pia India, Uturuki na sehemu za Afrika. Mwaka 1796 mganga Mwingereza Edward Jenner alipata njia iliyo salama zaidi, akitumia ndui ya ng'ombe badala ya ndui ya watu. Huo ndio mwanzo wa chanjo. Mtu wa mwisho kuipata ndui kwa njia ya kawaida aliugua mwaka 1977 huko Merka, nchi ya Somalia, akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni.

Hapa Kongo twamjua ndugu mdogo wa ndui, yaani mpox. Chanjo inayotumiwa dhidi yake ni ya ukoo uleule. Ilianza kutolewa katika nchi yetu mwezi wa Oktoba mwaka 2024, mjini Goma.

Basi, mtu akisema: «Mimi natumia dawa za Kichina, sina haja ya chanjo kwa watoto wangu», tumjibu kwa upole kwamba hajaifahamu hekima anayojisifia. Wachina wa kale wamo miongoni mwa babu wa chanjo.

Maji, chungu na kitanda

Lakini walinzi, hata wakifundishwa namna gani, hawapigani vema wakiwa na njaa na uchovu. Hapa tufike nyumbani, kwa maana mengi ya afya huamuliwa jikoni na chumbani.

Tuanze na maji. Ukiingia katika nyumba ya Mchina, mara nyingi utapewa maji ya moto au chai. Waganga wao wa zamani walisema kwamba kilicho vuguvugu hulifaa tumbo kuliko kilicho baridi. Baadaye, katika kampeni ya usafi iliyoanza mwaka 1952, serikali yao iliwahimiza raia wote kuchemsha maji ya kunywa. Sababu ya wazee ilikuwa moja, sababu ya wataalamu ni nyingine, na faida ni ileile: maji yakitokota, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa. Ninyi mnaokaa kando ya ziwa Tanganyika au ziwa Kivu mwajua kipindupindu kimefungua makaburi mangapi. Twajua pia kwamba makala na kuni ni ghali. Asiyeweza kuchemsha maji yote, achemshe kwanza yale ya watoto, au atumie dawa ya kusafisha maji inayopatikana katika kituo cha afya.

Pili, chakula. Katika karne ya saba aliishi China mganga mashuhuri aitwaye Sun Simiao, aliyefariki mwaka 682. Alifundisha kwamba mganga amtendee sawa tajiri na maskini, rafiki na mgeni, fundisho ambalo Mkristu hawezi kulisikia bila kufurahi. Pia alisema mtu aponywe kwanza kwa chakula, na dawa ifuate baadaye. Kwa wasioona vizuri magharibi alishauri maini. Hakujua neno vitamini, lakini aliona sawasawa: maini yana vitamini A nyingi, na kuikosa huleta upofu wa usiku. Leo twajua zaidi ya hayo. Mtoto aliyekosa vitamini A walinzi wake ni dhaifu, na surua ikimpata yaweza kumwua upesi; ndiyo maana waganga humpa vitamini hiyo mtoto mwenye surua.

Je, hatuna budi kununua kikopo kutoka China? Hapana, mama! Vitamini hiyo imo katika mawese mekundu, katika sombe na lengalenga, katika maembe, na katika viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa. Ongeza maharage, njugu au ndagala kidogo juu ya ugali, na walinzi wa mwanao wamepata posho yao. Na kwa mtoto mchanga, hakuna dawa ya kutia nguvu inayoshinda maziwa ya mama yake, maana ndani yake mna silaha ambazo mwili wa mama umekwisha zitengeneza.

Tatu, kuutumikisha mwili. Yapata miaka 1800 iliyopita mganga Hua Tuo aliwafundisha watu mazoezi ya kuiga wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Hata leo, asubuhi na mapema, wazee wa China hukusanyika katika bustani za miji wakifanya mazoezi ya pole yaitwayo taichi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitoa habari za uchunguzi wao juu ya wazee 112. Nusu yao walifanya taichi majuma 16, wengine walipewa mafundisho ya afya tu. Kisha wote wakapewa chanjo ya tetekuwanga. Waliofanya taichi, walinzi wao waliitikia chanjo kwa nguvu zaidi. Mkulima hana haja ya kumwiga dubu, jembe lake lamtosha. Lakini karani akaaye kitini mchana kutwa na mwanafunzi asiyeondoka kwenye simu yake, nao watembee.

Nne, usingizi. Huangdi Neijing chafundisha kulala na kuamka kwa kufuata jua na majira. Mwaka 2015, huko huko Marekani, watu wazima 164 walikubali kutiwa vijidudu vya mafua puani, baada ya kupimwa muda wao wa kulala. Waliolala chini ya saa 6 walishikwa na mafua mara nne zaidi kuliko waliolala saa 7 na zaidi. Ninyi wanafunzi mnaokesha siku za mtihani, mmesikia?

Dawa iliyovuka bahari mara mbili

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Mwaka 1693 mfalme Kangxi, yule mwenye makovu ya ndui, alishikwa na homa kali ya malaria. Wamisionari Wajesuiti walileta unga wa gome la mti wa Amerika ya Kusini, ambao ndani yake mna kwinini. Mfalme hakuunywa papo hapo. Aliamuru kwanza wapewe wagonjwa wengine, kisha wakuu wanne wa ikulu wakauonja. Walipoonekana wazima, ndipo akanywa, akapona. Kwa shukrani aliwapa mapadri nyumba, na karibu nayo lilijengwa kanisa.

Karibu miaka mia tatu baadaye China ililipa deni hilo. Mwaka 1967 serikali yake iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria, na mwaka 1969 mama mmoja, Tu Youyou, akaingizwa katika kazi hiyo. Pamoja na wenzake alikusanya maagizo ya dawa za kale zaidi ya elfu mbili. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, cha karne ya nne, alikuta mmea uitwao qinghao, ulioloweshwa katika maji na kukamuliwa, wala haukuchemshwa. Akafahamu kwamba huenda moto ulikuwa ukiiharibu nguvu ya mmea huo. Akatumia njia isiyohitaji moto mkali, akawapima panya. Mwaka 1972 alijipima yeye mwenyewe na wenzake, kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa hiyo ndiyo artemisinini, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Nchi yetu ilipoacha dawa za zamani zilizoshindwa na malaria, ilichagua, mwaka 2005, dawa iliyochanganywa na mtoto wa artemisinini hiyo. Labda mwanao amekwisha pona kwayo.

Angalieni, ndugu, jinsi mfalme na mama huyo walivyofanana. Kangxi hakudharau dawa kwa sababu ni ya wageni. Tu Youyou hakuidharau kwa sababu ni ya wazee. Lakini wote wawili walipima kwanza.

Jani la asili laweza kuua

Kuna habari nyingine, ya huzuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliotaka kupungua unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umechanganyikana na mwingine wenye jina lililofanana nao, wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo. Baadhi yao wakahitaji figo za watu wengine ili waishi, na baadaye wengine wakapata kansa. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Lakini hakuna aliyepima.

Twawasikia watu wakisema: «Ni majani tu, hayadhuru.» Na sumu ya mshale yatoka wapi, kama si katika mimea?

Waganga wa China wanayo dawa yenye jina zuri, pazia la yade, iliyotengenezwa kwa mizizi mitatu ili kuitia nguvu wei qi. Imechunguzwa, lakini haijathibitishwa kama chanjo na kwinini zilivyothibitishwa. Tangawizi, kitunguu saumu na chai ni vyakula vyema, navyo huliburudisha koo lenye maumivu. Anywe apendaye, ila asidhani kwamba vyaponya nimonia. Hata chai ya majani ya artemisia, ambayo wengine hapa kwetu huinywa kwa malaria, Shirika la Afya Duniani halikubali itumiwe kama dawa, kwa kuwa kipimo chake hakijulikani, na dawa iliyo kidogo humfundisha mdudu wa malaria kustahimili.

Basi, msomaji, ukisimama mbele ya muuzaji wa vikopo, muulize maswali matatu. Dawa hii ina nini ndani yake? Ni nani aliyeipima? Na kwa nini yaponya magonjwa yote, hali hata kwinini huponya malaria tu? Asipojibu, funga mkoba wako. Kwa fedha hizo utapata mayai, maharage, na labda chandarua.

Neno kwa wazazi

Walinzi wa mwili wana mipaka yao. Mtoto mwenye homa, anayepumua haraka, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyeshikwa na degedege, asingojeshwe nyumbani kwa chai wala kwa vikopo. Apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata kama ni usiku. Jirani mwenye baiskeli au pikipiki asingoje kuombwa mara mbili.

Mtume Paulo alitukumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kitabu cha Yoshua bin Sira chatuagiza kumheshimu mganga, kwa maana ni Mungu aliyetoa dawa katika ardhi. Hekalu lahitaji mfagiaji wa kila siku kuliko fundi wa mara moja kwa mwaka. Mungu ametupa walinzi wasiolala. Tuwape maji safi, chakula chema, kazi na usingizi. Tuwapeleke watoto wetu kwenye chanjo wakati wao ukifika.

Nanyi wanafunzi, jioni hii mwulizeni mama: kadi ya chanjo ya mdogo wetu iko wapi, na ni sindano gani iliyobaki?